Otto Wichterle

Otto Wichterle (Prostějov, 27 Oktoba 1913 – Stražisko, 18 Agosti 1998) alikuwa mwanakemia na mvumbuzi kutoka Chekoslovakia, katika eneo ambalo leo ni Ucheki. Anajulikana hasa kama mvumbuzi wa lenzi laini za machoni, yaani vipande vidogo vya plastiki yenye maji vinavyovaliwa moja kwa moja juu ya jicho badala ya miwani. Alibuni pia siloni, uzi wa plastiki wa jamii ya nailoni.

Kabla ya kazi yake lenzi za machoni zilikuwa za kioo au za plastiki ngumu. Watu wengi waliopimwa na kuvalishwa lenzi hizo walishindwa kuzizoea. Wichterle alianza kwa swali tofauti: badala ya kulizoeza jicho kuvumilia kitu kigumu, alitafuta kitu ambacho mwili wenyewe ungekikubali. Lenzi ya kwanza iliyofanikiwa aliitengeneza nyumbani kwake mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunda kutokana na vipande vya kuchezea vya watoto na dinamo ya baiskeli. Leo sehemu kubwa ya watu wanaovaa lenzi duniani, wanaokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100, hutumia lenzi laini.

Utoto na elimu

Wichterle alizaliwa katika mji wa Prostějov, jimbo la Moravia, wakati nchi hiyo ilipokuwa bado sehemu ya Dola la Austria-Hungaria. Baba yake, Karel, alikuwa mmoja wa wamiliki wa kiwanda cha zana za kilimo ambacho baadaye kilitengeneza pia magari ya Wikov.

Alipokuwa mtoto alitumbukia katika shimo la maji machafu ya mifugo, akanusurika kufa. Aliugua kwa muda mrefu baada ya ajali hiyo na ilibidi afundishwe nyumbani. Hata hivyo alirudi shuleni na kumaliza sekondari mjini kwao.

Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Prague. Alivutiwa na tiba pia, lakini alichagua kemia. Mwalimu wake mkuu alikuwa mwanakemia Emil Votoček. Alihitimu mwaka 1936 akabaki chuoni kufanya utafiti.

Mkewe, Ludmila Zahradníková, aliyeitwa Linda na watu wake wa karibu, alikuwa daktari. Walipata watoto wawili wa kiume, Ivan na Kamil. Linda alishiriki kwa mikono yake katika kutengeneza lenzi za kwanza.

Vita na uvumbuzi wa siloni

Mwaka 1939 Ujerumani ya Wanazi iliteka nchi ya Wacheki. Tarehe 17 Novemba mwaka huohuo Wajerumani walifunga vyuo vikuu vyote vya Kicheki, na Wichterle akapoteza nafasi yake ya kufundisha. Alipata kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Baťa mjini Zlín. Hii ndiyo kampuni ya viatu ambayo kwa wasomaji wa Afrika Mashariki inajulikana kwa jina la Bata na kwa kiwanda chake cha Limuru nchini Kenya.

Huko Zlín aliongoza utafiti wa plastiki. Mwaka 1941 kundi lake lilifaulu kutengeneza na kusokota uzi wa poliamidi kutokana na kemikali iitwayo kaprolaktamu. Nchini Marekani kampuni ya DuPont ilikuwa tayari imeanza kuuza nailoni, na huko Ujerumani uzi wa aina hiyohiyo ya kaprolaktamu ulikuwa umegunduliwa. Uzi wa Zlín ulipewa jina la siloni. Baada ya vita ulitengenezwa viwandani, na soksi za kike za siloni zikawa bidhaa inayojulikana katika kila nyumba ya Chekoslovakia.

Mwaka 1942 Wichterle alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Aliachiliwa baada ya miezi michache.

Kazi ya chuo kikuu

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi Prague kufundisha kemia. Aliandika vitabu vya kiada vya kemia isiyo ya kikaboni na vya kemia ya kikaboni. Kimoja kati ya hivyo vya mwisho kilitolewa pia kwa Kijerumani. Katika kemia ya kikaboni kuna mmenyuko unaoitwa kwa jina lake, mmenyuko wa Wichterle, unaotumika kuunda molekuli zenye umbo la pete.

Mwaka 1949 alipata shahada yake ya pili ya udaktari, akajishughulisha na kuanzisha idara ya teknolojia ya plastiki. Mwaka 1952 alikuwa mkuu wa kitivo katika Chuo cha Teknolojia ya Kemia cha Prague, kilichokuwa kimeanzishwa wakati huo.

Mwaka 1958 aliondolewa chuoni humo, pamoja na walimu wengine, katika msako wa kisiasa wa serikali ya Kikomunisti. Lakini serikali hiyohiyo ilihitaji utafiti wa plastiki. Mkutano wa kimataifa wa kemia ya molekuli kubwa uliofanyika Prague mwaka 1957 ulikuwa umeonyesha jinsi wanasayansi wa nchi hiyo walivyoheshimiwa nje. Kwa hiyo Akademia ya Sayansi ya Chekoslovakia ilianzisha Taasisi ya Kemia ya Molekuli Kubwa, na Wichterle akateuliwa kuwa mkurugenzi wake.

Lenzi za machoni kabla ya Wichterle

Lenzi ya machoni ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1888 daktari Mjerumani Adolf Gaston Eugen Fick, aliyekuwa akifanya kazi Zürich nchini Uswisi, alichapisha maelezo ya lenzi za kioo alizozijaribu kwanza kwa sungura, kisha kwake mwenyewe na kwa watu wengine. Lenzi hizo zilikuwa kubwa, zikifunika pia sehemu nyeupe ya jicho. Kati ya kioo na jicho alitia maji yenye sukari. Mtu aliweza kuzivaa kwa saa chache tu.

Tatizo halikuwa uzito wa kioo peke yake. Konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake kutoka hewani kupitia machozi. Kitu kisichopitisha hewa kikiifunika kwa muda mrefu, konea huvimba na mtu huanza kuona ukungu.

Katika miaka ya 1930 plastiki ngumu ya akriliki, iitwayo kwa kifupi PMMA, ilianza kuchukua nafasi ya kioo. Mwaka 1948 Mmarekani Kevin Tuohy alitengeneza lenzi ndogo ya plastiki hiyo iliyofunika konea tu. Ilikuwa nyepesi, nayo iliruhusu machozi kupita chini yake kila mtu alipopepesa macho. Hata hivyo plastiki yenyewe karibu haikupitisha oksijeni kabisa. Ilibidi mvaaji aizoee kidogokidogo kwa wiki kadhaa, akianza na saa chache kwa siku. Wengi waliacha kabla ya kufika mwisho.

Plastiki yenye maji

Kisa cha lenzi laini kilianza katika treni mwaka 1952. Wichterle alikaa karibu na abiria aliyekuwa akisoma jarida la tiba ya macho. Ndani yake mlikuwa na habari za kifaa cha madini ya tantali kilichowekwa mahali pa jicho lililoondolewa. Katika mazungumzo yaliyofuata Wichterle alisema kwamba plastiki iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo ingefaa zaidi kuliko madini, kwa sababu ingeweza kufanana na nyama ya mwili.

Aliporudi chuoni alilipeleka wazo hilo kwa msaidizi wake, Drahoslav Lím. Walitaka plastiki yenye sifa kadhaa kwa pamoja: ifyonze maji bila kuyeyuka, ibaki na umbo lake, ipitishe mwanga, isiwe na kemikali inayoweza kutoka na kuudhuru mwili. Lím alipata jeli kutokana na kemikali iitwayo HEMA. Ikiwa kavu ni ngumu kama kioo. Ikilowa hufyonza maji hadi kufikia karibu asilimia 40 ya uzito wake, ikawa laini na yenye kunyumbulika.

Hataza ya kwanza iliombwa mwaka 1953. Mwaka 1960 Wichterle na Lím walichapisha makala fupi kuhusu jeli hizo katika jarida la Nature la Uingereza. Makala hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya haidrojeli katika tiba. Plastiki za jamii hiyo zilitumiwa baadaye kwa mambo mengi mbali na macho, yakiwemo kufunika vidonda na kuachia dawa polepole mwilini.

Wichterle aliona mapema kwamba lenzi ya machoni ingekuwa matumizi rahisi kuliko yote, kwa kuwa haihitaji upasuaji. Lakini kutengeneza lenzi yenyewe kulikuwa kugumu. Katika miaka ya 1950 alimimina kemikali katika kalibu zilizofungwa pande zote mbili. Lenzi zilipotolewa, kingo zake zilichanika au kubaki na makunyanzi. Ukingo mbaya huikwaruza konea kila kope linapofunga. Madaktari wa macho wa Prague waliozijaribu walithibitisha kwamba jicho liliivumilia plastiki hiyo vizuri, lakini hakuna kiwanda ambacho kingeweza kufanya kazi kwa njia iliyoharibu lenzi nyingi kuliko ilizotoa.

Krismasi ya mwaka 1961

Mwishoni mwa mwaka 1961 jengo la taasisi yake mpya lilikuwa bado halijakamilika, na kazi ya lenzi haikupewa kipaumbele na wakubwa. Wichterle aliamua kuendelea nyumbani.

Njia aliyoichagua ni rahisi kueleza. Chai ikikorogwa kwa nguvu katika kikombe, hupanda kandokando na kuacha shimo katikati. Uso wake hujipinda sawasawa pande zote bila kuguswa na kitu. Vivyo hivyo tone la kemikali likizungushwa ndani ya kalibu iliyo wazi, upande wa chini hufuata umbo la kalibu na upande wa juu hujipinda wenyewe. Likigandishwa huku linazunguka, huwa lenzi yenye uso laini na ukingo mwembamba usiohitaji kukatwa. Mbio za mzunguko zikibadilishwa, nguvu ya lenzi hubadilika pia.

Mashine yake ya kwanza aliiunda kwa Merkur, vipande vya chuma vyenye matundu, bolti na nati ambavyo watoto wa Chekoslovakia walivitumia kuundia magari na winchi za kuchezea. Nguvu ya kuzungusha ilitoka kwenye dinamo ya baiskeli ya mmoja wa wanawe, iliyopewa umeme kupitia transfoma ya kengele ya mlangoni. Wakati wa Krismasi alifanikiwa kutengeneza lenzi nne. Alizivaa machoni mwake mwenyewe. Nguvu yake haikumfaa, lakini hazikumwasha.

Katika siku zilizofuata aliandaa ombi la hataza ya njia hiyo. Dinamo ilionekana kuwa dhaifu, akaibadilisha kwa mota ya gramafoni, kisha akajenga mashine nyingine zenye kalibu nyingi zaidi. Katika miezi minne ya kwanza ya mwaka 1962 yeye na Linda walitengeneza lenzi 5,500 nyumbani. Zilipelekwa kwa madaktari wa macho zijaribiwe.

Kufika Marekani

Habari za lenzi hizo zilivuka mpaka haraka. Mtaalamu wa macho Robert Morrison kutoka jimbo la Pennsylvania alikuwa kati ya wageni wa kwanza waliokwenda Prague kujionea. Mwaka 1965 Akademia ya Sayansi iliuza haki za kutumia hataza hizo kwa kampuni ya Kimarekani iitwayo National Patent Development Corporation. Mwaka 1966 kampuni hiyo iliwapa haki hizo Bausch & Lomb, watengenezaji wa miwani na darubini wa mjini Rochester.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba lenzi laini zichunguzwe kama dawa, tofauti na lenzi ngumu zilizotangulia. Uchunguzi huo ulichukua miaka. Idhini ilitolewa mwezi Machi 1971, na lenzi zikaanza kuuzwa kwa jina la SofLens. Katika muda mfupi lenzi laini zilizishinda lenzi ngumu sokoni.

Faida kubwa ya biashara hiyo ilibaki kwa kampuni za nje. Chekoslovakia ilipata fedha za kigeni, na Wichterle mwenyewe alipata sehemu ndogo sana.

Siasa na adhabu

Mwaka 1968 Chekoslovakia ilipita katika kipindi cha matumaini kinachoitwa Machipuko ya Prague, ambapo viongozi wapya walilegeza udhibiti wa chama. Wichterle alikuwa miongoni mwa watu waliotia sahihi tamko la Maneno Elfu Mbili, lililotangazwa mwezi Juni na kudai mageuzi yaendelee. Alikuwa pia mbunge kwa muda mfupi.

Usiku wa kuamkia 21 Agosti 1968 majeshi ya Umoja wa Kisovyeti na washirika wake yaliivamia nchi hiyo. Waliotia sahihi tamko waliadhibiwa hatua kwa hatua. Mwaka 1970 Wichterle aliondolewa katika ukurugenzi wa taasisi aliyoiongoza tangu mwanzo. Ufundishaji wake ulibanwa, na mawasiliano yake na wanasayansi wa nje yakawekewa vizuizi.

Kwa hiyo lenzi zake zilipoidhinishwa Marekani mwaka 1971 na kuenea duniani, mvumbuzi alikuwa mtu asiyetakiwa kusifiwa katika nchi yake. Hali hiyo iliendelea kwa karibu miaka 20. Hata hivyo hakuhama. Aliendelea na utafiti kwa kiasi alichoruhusiwa.

Kupimwa na kubadilisha aina ya lenzi

Uvumbuzi wa Wichterle ulibadilisha pia kazi ya mtaalamu anayempima na kumvalisha mtu lenzi.

Lenzi ngumu ni ndogo, kwa kawaida yenye upana wa milimita 8 hadi 10. Huelea juu ya machozi. Mpinde wake lazima ulingane kwa karibu sana na mpinde wa konea, kwa hiyo mtaalamu hupima konea kwa kifaa maalumu kabla ya kuagiza lenzi. Ikiwa imebana mno, machozi hayapiti chini yake na jicho hukosa oksijeni. Ikiwa imelegea mno, huteleza na kudondoka.

Lenzi laini ni pana zaidi, karibu milimita 13 hadi 15, na hukaa hadi kwenye ukingo wa sehemu nyeupe ya jicho. Kwa kuwa hunyumbulika, hulilalia jicho na kufuata umbo lake. Watu wengi huizoea kwa siku chache tu. Lakini haina maana kwamba kipimo kimoja kinamfaa kila mtu. Mtaalamu huangalia kama lenzi imekaa katikati, kama inasogea kidogo tu mtu anapopepesa, na kama jicho linabaki jeupe bila wekundu baada ya saa kadhaa. Namba ya miwani pia haiwezi kuhamishwa kama ilivyo, hasa ikiwa kubwa, kwa sababu lenzi iko karibu zaidi na jicho kuliko kioo cha miwani.

Ulaini huo una gharama yake. Konea ya mtu mwenye astigmati haikujipinda sawasawa pande zote. Chini ya lenzi ngumu, machozi hujaza mabonde ya konea hiyo na kuisawazisha, hivyo mtu huona vizuri. Lenzi laini ya kawaida hufuata kasoro hiyo badala ya kuifunika. Ndiyo maana zilibuniwa baadaye lenzi laini za pekee kwa astigmati, ambazo zina uzito au unene upande mmoja ili zisizunguke jichoni. Kwa watu wenye keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea ichongoke kama pia, lenzi ngumu mara nyingi bado hutoa uoni bora.

Mtu anayehama kutoka lenzi ngumu kwenda laini hapaswi kupimwa siku hiyohiyo. Lenzi ngumu ikivaliwa kwa miaka huibonyeza konea na kubadili umbo lake kidogo. Ni lazima aiache kwa muda, pengine wiki kadhaa, na kutumia miwani mpaka konea irudi katika hali yake. Vipimo vikirudiwa na kutoa jibu lilelile ndipo lenzi mpya huchaguliwa. Asiyefanya hivyo hupata lenzi zinazofaa kwa jicho ambalo halitakuwepo tena mwezi unaofuata.

Plastiki ya HEMA yenyewe ilikuwa na kikomo. Ilipitisha oksijeni kupitia maji yaliyomo ndani yake, lakini si kwa wingi wa kutosha kulala nayo usiku. Katika miaka ya 1970 zilipatikana lenzi ngumu zinazopitisha hewa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja lenzi laini zilizochanganywa na silikoni, zinazopitisha oksijeni mara kadhaa zaidi.

Lenzi laini katika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki miwani bado ndiyo njia ya kwanza ya kusahihisha uoni. Wataalamu wa kupima macho hufundishwa katika vyuo kadhaa, vikiwemo chuo cha KCMC mjini Moshi, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega na Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala. Lenzi hupatikana zaidi katika miji mikubwa.

Lenzi laini hustahimili vumbi kuliko ngumu, maana chembe haziingii chini yake kwa urahisi. Lakini zinahitaji usafi mkubwa zaidi, kwa sababu plastiki inayofyonza maji hufyonza pia vilivyomo ndani ya maji. Hazipaswi kuoshwa kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya mto, wala kulowanishwa kwa mate. Vijidudu vya maji, hasa amiba aina ya Acanthamoeba, vinaweza kusababisha vidonda vya konea na hata upofu. Lenzi husafishwa kwa dawa yake maalumu tu, na kwa mikono iliyonawiwa na kukaushwa. Katika mabonde makavu yaliyo mbali na mji, kama Yaeda Chini katika mkoa wa Manyara, ambako maji safi ni shida wakati wa kiangazi, sharti hilo ni zito kuliko bei ya lenzi zenyewe. Lenzi za kutupwa baada ya siku moja hupunguza tatizo hilo, lakini hugharimu zaidi.

Miaka ya mwisho

Utawala wa Kikomunisti ulianguka mwezi Novemba 1989. Mwaka 1990 Wichterle, akiwa na umri wa miaka 76, alichaguliwa kuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya Chekoslovakia. Alishika cheo hicho hadi mwisho wa mwaka 1992, nchi ilipogawanyika kuwa Ucheki na Slovakia. Baada ya hapo alikuwa rais wa heshima wa Akademia ya Sayansi ya Ucheki. Aliandika pia kitabu cha kumbukumbu za maisha yake.

Alifariki tarehe 18 Agosti 1998 katika nyumba yake ya mapumziko huko Stražisko, karibu na mji aliozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 84.

Kumbukumbu

Wichterle aliacha hataza karibu 180 na maandiko ya kisayansi zaidi ya 200. Alipewa shahada za heshima na vyuo vikuu kadhaa.

Mwaka 1993 asteroidi namba 3899 ilipewa jina lake. Shule moja ya sekondari mjini Ostrava inaitwa kwa jina lake. Tarehe 27 Oktoba 2021, siku ambayo angetimiza miaka 108, kampuni ya Google ilimkumbuka kwa mchoro kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Mashine ya Merkur ni kati ya vitu mashuhuri vya historia ya sayansi nchini Ucheki, na picha yake huonyeshwa mara nyingi pamoja na jina la mvumbuzi. Njia ya kuzungusha aliyoibuni juu ya mashine hiyo ndiyo iliyotumika viwandani kutengeneza lenzi laini za kwanza zilizouzwa duniani.